Ugomvi Uliolipa Mishahara

Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake usijitie kati. Wale ni tumbo moja, watapatana kabla mahindi hayajakomaa, na wewe uliyekuwa ukishabikia utabaki na aibu yako. Ni methali nzuri na mara nyingi ni kweli, ila inachukulia jambo moja ambalo hatulisemi: kwamba ugomvi wa ndugu hauvuki msimu. Upo mji mdogo kusini mwa Ujerumani ambako ndugu wawili waligombana, watu wakachukua majembe kweli, lakini shamba walilokwenda kulima likawa ni ule ugomvi wenyewe. Wakaulima kwa zaidi ya nusu karne, wakala, wakasomesha.

Mji huo unaitwa Herzogenaurach, uko jimbo la Bavaria, si mbali na Nuremberg, na mto Aurach unapita katikati yake. Nenda kwenye mabanda ya viatu vya mtumba, iwe Karume pale Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, muuzaji atakunyanyulia raba yenye mistari mitatu ubavuni, halafu nyingine yenye paka mkubwa anayeruka, na atakuapia kwamba zote ni orijino. Hatakwambia, na pengine hajui, kwamba Adidas na Puma zilizaliwa katika chumba kimoja cha kufulia nguo, cha mama mmoja.

Mama huyo ni Pauline Dassler. Mumewe Christoph alikuwa kibarua wa kiwanda cha viatu, na yeye akaongezea kipato kwa kufua nguo za watu. Nguo zikishakauka na kupigwa pasi, wanawe ndio waliozipeleka nyumba kwa nyumba, hata mji mzima ukawajua kama watoto wa dobi. Rudolf alizaliwa 1898. Adolf, ambaye kila mtu alimwita Adi, alizaliwa 1900.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, Ujerumani ilikuwa haina kitu. Kazi ya udobi ilikufa kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kufuliwa, na Adi akakigeuza kile chumba cha kufulia kuwa karakana. Ngozi ilikuwa haipatikani, kwa hiyo akaokoteza mabaki ya jeshi: kofia za chuma zilizokuwa na ngozi ndani, mikoba ya askari, vitambaa vya miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Umeme ulikuwa wa kukatika, basi mashine ya kupunguzia ngozi akaifunga kwenye baiskeli, mtu akapanda na kukanyaga pedali huku mwingine anapunguza ngozi. Fundi yeyote wa viatu wa mtaani kwetu angemwelewa mara moja. Rudolf akajiunga naye, na mwaka 1924 wakasajili kiwanda kwa jina la ndugu Dassler.

Walikuwa watu wawili wasiofanana hata kidogo, na hapo ndipo ilipokuwa bahati yao. Adi alikuwa mkimya, mtu wa karakana, mpenda michezo aliyevaa viatu alivyovitengeneza mwenyewe na kwenda kukimbia navyo ili aone vinabana wapi. Rudolf alikuwa na mdomo, akijua kuingia dukani kwa mtu asiyemjua na kutoka na oda, na hasira zake zilikuwa karibu. Mmoja akitengeneza, mwingine akiuza. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, Lina Radke alishinda mbio za mita 800 akiwa na viatu vyao vya misumari. Mwaka 1936 Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alichukua medali nne za dhahabu mbele ya Hitler mjini Berlin, na viatu vya Dassler vikawa na hadithi ya kusimulia. Tusisahau kwamba ndugu hao hao walikuwa wamejiunga na chama cha Hitler tangu 1933. Biashara ilikuwa inakua, na wao hawakuwa watu wa kuikwamisha.

Wakajenga nyumba moja kubwa na kuishi humo wote: Rudolf na mkewe Friedl, Adi na mkewe Käthe, watoto, na wazee wao. Kwa mtu wa kwetu hii haina ajabu. Lakini mtu wa kwetu pia anajua kinachotokea pale mke wa mdogo anapokuwa na akili ya biashara na hataki kukaa jikoni tu, halafu shemeji yake mkubwa anaona anaingilia kazi ya wanaume. Käthe alikuwa mtu wa namna hiyo, na Rudolf alikuwa shemeji wa namna hiyo.

Sasa watu huuliza: hasa kilichowafarakanisha ni nini? Ukiuliza wanne utapata majibu manne.

Jibu linalopendwa zaidi ni la handakini. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa 1943, ndege za maadui zikiwa zinakuja kupiga mabomu, Rudolf na familia yake walikuwa wamekwishajificha pale Adi na Käthe walipoingia. Adi akasema kwa hasira, “Wamekuja tena hao mbwa.” Alikuwa anazisema ndege. Rudolf akaona anasemwa yeye na wanawe, na hakuna aliyeweza kumtoa mawazo hayo.

Jibu la pili ni la jeshi. Mwaka huo huo Rudolf alichukuliwa na kupelekwa Poland, huku Adi akiachwa nyumbani kwa sababu kiwanda kilimhitaji. Rudolf akaamini kwamba mdogo wake amemchongea. La tatu ni la dada yao, Marie. Inaelezwa kwamba aliomba wanawe waajiriwe kiwandani ili wasipelekwe vitani, Rudolf akakataa kwa madai kwamba matatizo ya kifamilia mle ndani yalikuwa yametosha. Vijana wale walikwenda vitani na hawakurudi.

Mimi nadhani watu wanalipenda lile la handaki kwa sababu ni fupi na linachekesha kidogo. Uzito wenyewe ninauona katika jibu la nne. Vita vilipoisha Wamarekani walimkamata Rudolf wakamweka kizuizini kwa muda wa karibu mwaka mzima, naye akawa na hakika kwamba aliyemtaja ni wa nyumbani. Kisha ikaja zamu ya Adi kufika mbele ya kamati iliyowachuja waliokuwa wanachama wa chama cha Hitler, na ikiwa angehukumiwa vibaya angenyang'anywa kiwanda. Rudolf akatoa maelezo dhidi ya mdogo wake. Käthe naye akaandika kumtetea mumewe na kumgeuzia kibao shemeji. Neno lililotoka mdomoni gizani, mabomu yakilia, linaweza kuzikwa kwa kikombe cha kahawa na mzee mmoja mwenye busara. Maelezo yaliyoandikwa, yakasomwa na wageni, yakawekwa kwenye jalada la serikali, hayo kila mmoja anajua kwamba mwenzake aliyapanga sentensi kwa sentensi akiwa na akili zake timamu.

Mwaka 1948 wakagawana. Ninachotaka msomaji akiangalie ni kwamba mgawanyo wenyewe haukuwa mbaya. Majengo yaligawanywa, mashine zikagawanywa, na wafanyakazi wakaachiwa wachague wanakokwenda. Wengi, hasa mafundi, walibaki na Adi. Wauzaji wengi wakamfuata Rudolf, aliyehamia kiwanda kidogo ng'ambo ya mto. Mama yao alikwenda na Rudolf. Marie, kwa sababu ambayo sasa unaijua, alibaki na Adi. Rudolf aliipa kampuni yake jina la Ruda, kisha akalibadili likawa Puma. Adi aliunganisha jina lake la utani na mwanzo wa jina la ukoo, na mwezi wa nane mwaka 1949 akasajili Adidas.

Ndugu kutengana kazi si dhambi. Wengi wangepona kama wangetengana mapema. Kosa la Herzogenaurach lilifanyika katika miezi na miaka iliyofuata, na halikufanywa na wale ndugu peke yao. Siku ile wafanyakazi walipochagua upande, ugomvi ulipata wategemezi. Kabla ya hapo ulikuwa wa nyumba moja, na nyumba moja inaweza kuchoka kununiana. Baada ya hapo kulikuwa na mamia ya watu ambao unga wao wa mwezi ulitegemea Adi kuwa si Rudolf.

Mji ukagawanyika kwa mto. Palikuwa na mwokaji mikate wa upande huu na wa upande ule, bucha la hawa na bucha la wale, baa ambazo mtu wa kiwanda kingine hakuhudumiwa kwa furaha. Klabu za mpira nazo zikawa mbili, ASV ikivaa Adidas na FC ikivaa Puma. Lothar Matthäus, yule nahodha aliyeinua Kombe la Dunia mwaka 1990, alikulia katika klabu hii ya pili kwa sababu baba yake alifanya kazi Puma. Kijana akitaka kuoa ng'ambo ya mto, familia zilikaa vikao. Wajerumani wakaupa mji ule jina la utani, mji wa watu wanaoinamisha macho, kwa sababu mtu hakuanza mazungumzo na mwenzake kabla ya kutazama chini kuona amevaa nini.

Kuna kisa kimoja cha mle mjini ambacho ningependa kila anayeamua kesi za ndugu akijue. Mafundi waliokuwa wakiitwa kurekebisha kitu nyumbani kwa Rudolf, fundi bomba, seremala, mtu wa umeme, walikuwa wakijivalia kwa makusudi viatu vya Adidas. Rudolf akiviona alikasirika, akamwambia mtu huyo ashuke ghala la chini ya nyumba akachukue jozi ya Puma, bure. Fundi alishuka, akachagua jozi mpya, akaja kumaliza kazi akiwa amevaa Puma, akarudi kwake na jozi mbili.

Watu hucheka wakikisikia. Nami nilicheka. Lakini mwangalie vizuri yule fundi bomba. Hana ubaya na Adi wala Rudolf. Hajawahi kuingia katika lile handaki, na hakuhojiwa na kamati yoyote. Amegundua tu kwamba hasira ya tajiri huyu ina bei, na kwamba bei hiyo inalipwa kwa viatu. Je, fundi yule akisikia kuna mpango wa kuwapatanisha ndugu hawa, atauombea heri? Huenda. Lakini hatakuwa wa kwanza kubeba kiti kwenda kukaa katikati. Na kama hivyo ndivyo alivyo fundi bomba, sembuse meneja wa mauzo ambaye cheo chake kipo kwa sababu kampuni ni mbili.

Tunao watu wa namna hii. Mfanyabiashara akikosana na nduguye, haipiti wiki kabla hajapata mshauri mpya, aliyekuwa hana nafasi mezani walipokuwa pamoja. Mshauri huyo hasemi uongo. Huleta habari za kweli, za nduguyo alisema nini kwenye harusi, amekopa wapi, amemwajiri nani, na kila habari anayoileta inamwongezea siku za kukaa pale. Ukitaka kujua kama ugomvi wa watu utaisha, usiulize walikosania nini. Uliza nani anakula kutokana nao.

Ndugu wenyewe waliendelea kuumizana, na kwa bahati mbaya hasira iliwafanya wawe hodari. Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern, Ujerumani Magharibi iliifunga Hungaria 3-2 katika fainali ya Kombe la Dunia, uwanja ukiwa umelowa mvua, na wachezaji wakiwa na daluga za Adi ambazo meno yake yaliweza kufunguliwa na kufungwa marefu zaidi. Inasemwa kwamba Rudolf alikuwa amekosana na kocha wa timu ile, Sepp Herberger, na hivyo utukufu wa siku ile ukamwendea mdogo wake. Miaka sita baadaye mjini Roma, Armin Hary alishinda mita 100 akiwa na Puma, kisha akapanda jukwaani kupokea medali akiwa na Adidas. Kijana alitaka kukamua pande zote mbili. Yule fundi bomba alikuwa amepata mwenzake wa kiwango cha Olimpiki.

Kufikia hapo wana wa ndugu hao, Horst wa Adidas na Armin wa Puma, walikuwa wameingia kazini. Binamu hawa wanasemekana kuwahi kukubaliana jambo moja tu: kwamba hakuna atakayemgusa Pelé, kwa sababu wakishindana kumnunua watafilisika wote. Kisha Puma ikamsajili. Kwenye Kombe la Dunia la Mexico, mwaka 1970, kabla ya mpira kuanza, Pelé aliomba muda akainama kufunga kamba, na kamera zikamsogelea kwenye viatu hadi dunia nzima ikaona ni viatu gani. Makubaliano pekee ya koo mbili hizo yakafa kwa kamba za kiatu.

Ugonjwa ukaingia ndani. Horst alikwenda kuijenga Adidas ya Ufaransa, na kutokea huko akaanza kufanya biashara nyingine kwa siri, mama yake Käthe na dada zake wasijue. Armin alitofautiana na baba yake, akaanzisha kiwanda cha Puma nchini Austria. Watoto waliolelewa kwa kufundishwa kwamba ndugu ni mtu wa kushindwa, walikuwa wanatumia walichofundishwa. Sidhani kama Adi au Rudolf aliwahi kuwakalisha chini na kuwaambia hivyo. Hakukuwa na haja, mezani palizungumzwa hayo kila siku.

Huku wakichunguliana dirishani kwa ng'ambo ya mto, hakuna aliyekuwa akiangalia Marekani kwa makini. Kampuni iliyoanza mwaka 1964 kama mwagizaji mdogo wa viatu vya Kijapani ilichukua jina la Nike mwaka 1971, na wimbi la Wamarekani kukimbia mitaani kwa afya lilipokuja, likaikuta Nike tayari. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Rudolf alifariki Oktoba 1974, na mdogo wake hakwenda maziko. Adi alifuata Septemba 1978. Wamezikwa makaburi yale yale ya mji wao, mmoja pembe hii na mwingine pembe ile ya mbali kabisa.

Horst alikufa mwaka 1987 akiwa na miaka 51, na mwaka 1990 dada zake wakaiuza Adidas kwa Mfaransa Bernard Tapie. Armin na mdogo wake Gerd walikuwa wamekwishaziuza hisa zao za Puma mwaka 1989. Kwa hiyo mtu akihesabu kuanzia 1948, miaka arobaini na miwili tu ilitosha kwa viwanda vyote viwili kutoka mikononi mwa ukoo. Siwezi kusema ugomvi peke yake ndio uliofanya hivyo, makampuni ya kifamilia huuzwa kila siku hata na familia zinazopendana. Lakini ni vigumu kuangalia hesabu hiyo bila kujiuliza yule mama aliyefua nguo angeisoma vipi.

Wenye mali walipoondoka, mji nao ulianza kulegea. Wafanyakazi wakawa wanatoka kila pembe ya dunia, na hawakuwa na bibi wa kuwaambia bucha lipi ni la adui. Mjukuu wa Rudolf, Frank Dassler, alikwenda kufanya kazi Adidas kama mwanasheria wake mkuu, jambo lililowashangaza wazee wa mji kuliko wengine. Na tarehe 21 Septemba 2009, siku ya amani duniani, wafanyakazi wa kampuni mbili walicheza mpira pamoja kwa timu zilizochanganywa, wakurugenzi wakuu wao, Herbert Hainer wa Adidas na Jochen Zeitz wa Puma, wakiwa miongoni mwa wachezaji. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba ugomvi wa miaka sitini umekwisha. Pale uwanjani waliopeana mikono walikuwa waajiriwa wa kampuni mbili za hisa, ambao hawakuwahi kukoseana kitu, na baada ya mechi walirudi maofisini kuendelea kugombea wachezaji wale wale.